Glukosi haileti pumzi, mwalimu

SWALI: Habari za kazi. Nafundisha darasa la sita na michezo nimebebeshwa mimi, wanafunzi 62, mipira miwili. Nikiwazungusha uwanja mara mbili tu nusu yao wako chini wanahema. Sasa wazazi wameanza kuwawekea glukosi kwenye chupa za maji eti inaongeza stamina. Niruhusu?

JIBU: Mwalimu usiruhusu. Hili la glukosi naulizwa kila kukicha na linanichosha kwelikweli. Mtoto aliyekula chakula cha kawaida ana akiba ya sukari kwenye misuli na ini, kipindi cha dakika 40 inamtosha na chenji inabaki. Kinachomkalisha chini ni moyo na misuli ambavyo havijawahi kufanyishwa kazi mfululizo. Moyo ukizoezwa unasukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na hilo linataka wiki kadhaa za kukimbia, haliuzwi kwa pakiti.

Halafu angalia wanavyoanza. Ukisema "haya kimbieni" wote wanafyatuka kama fainali ya mita 100, mzunguko wa kwanza haujaisha washaishiwa. Wapoze. Dakika mbili mwendo wa taratibu, moja kutembea, rudia, hakuna kukaa chini, na kila wiki unapunguza ya kutembea. Wazee wa mchakamchaka walilijua hili bila darasa, mkiimba huku mnakimbia hamuwezi kwenda kasi ya kijinga, na ukisikia waitikiaji wanakata sauti ujue mwendo umezidi.

Ila kinachonikera zaidi ya glukosi ni foleni. Watoto 30 mstarini, mmoja anakwenda na mpira hadi kwenye koni anarudi, 29 wanachora mchanga kwa vidole vya miguu, mwisho wanarudi darasani na jasho la jua tunasema wamefanya mazoezi! Jaribu hivi: chukua simu, chagua mtoto mmoja wa kawaida, sio yule nyota wako wa UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi, washa saa kila anapojisogeza, simamisha akisimama. Kipindi kizuri kinatakiwa kimpe angalau nusu ya muda akiwa mbioni, wewe utapata dakika ngapi sijui lakini jiandae. Dawa yake ni chandimu, wanne kwa wanne, mipira ya makaratasi na kamba, viwanja vidogo vingi kwa wakati mmoja. Na bado kipindi peke yake hakitoshi, Shirika la Afya Duniani (WHO) wanataka wastani wa dakika 60 kwa siku kwa watoto wa miaka 5 hadi 17, kwa hiyo usiwanyang'anye mapumziko, na tafadhali kuruka kichura isiwe adhabu, mnawafanya wachukie mazoezi hadi uzeeni.

Wakuu wa shule nanyi mnisikie, kuna watu wanapita na makopo ya unga wa stamina na wanapewa nafasi mstarini kabisa. Wengine wanauza zile soda za kuongeza nguvu getini, zina kafeini na sukari kibao, mtoto hazimfai hata kidogo. Na kuna watoto ambao kuhema kwao ni ugonjwa: anayetoa mluzi kifuani, anayeshikwa na maumivu ya kifua akikimbia, anayezimia, mwenye selimundu. Huyo ukimpa glukosi ukamwambia akaze unamchelewesha hospitali, mtoe uwanjani, umpigie mzazi wake siku hiyohiyo.