Miche ya nyanya iliyorefuka kama uzi

Dada, hiyo miche yako ya nyanya uliyoisia kwenye kopo hapo dirishani, ikarefuka na kulala ubavu, haiumwi. Inatafuta jua. Mmea ukikosa mwanga hurefusha shina mbiombio, majani yakabaki madogo na ya manjano. Mbolea usiongeze kabisa, utazidi kuirefusha. Izoeshe jua la asubuhi kidogo kidogo, kama wiki moja, ndipo uihamishe.

Ukipanda, fukia shina mpaka karibu na majani ya juu. Litazame kwa karibu: mara nyingi utaona vinundu vidogo vyeupe. Hivyo vikikutana na udongo wenye unyevu huwa mizizi. Pilipili usizifukie hivyo jamani, zangu zilioza shina.