Machicha, kumvi na makumbi: maswali yenu ya ujenzi

Nikichanganya chicha la nazi na saruji ya kupigia lipu, ukuta utakuwa mwepesi? (Msomaji, Michenzani)

Usifanye hivyo, ndugu yangu. Hata ukilikamua tui la kwanza na la pili, chicha hubaki na mafuta na sukari, na sukari kidogo tu hutosha kuichelewesha saruji kushika. Nilijaribu ndani ya kopo: siku ya pili kidole kilizama, siku ya nne sisimizi wameshalivamia. Wape kuku.

Huku kwetu kumvi za mpunga tunazichoma tu. Jivu lake lina kazi? (Msomaji, Wete)

Lina kazi kubwa. Kumvi zikiungua vizuri, asilimia 85 hadi 95 ya jivu ni silika, madini yaliyomo pia kwenye mchanga. Saruji inaposhika maji hutoa chokaa. Silika ikikutana na chokaa hiyo huzaa gundi ileile inayolishikanisha zege. Kwa hiyo jivu hili hupunguza saruji yenyewe, ambayo ndiyo inayotutoa fedha. Siri iko kwenye moto. Ukizidi sana nyuzi 700, silika hugeuka fuwele na jivu halifanyi kazi tena. Ukiwa mdogo, jivu hubaki jeusi kwa makaa. Tafuta la kijivu cheupe, lisage laini kama unga, uanze na sehemu 1 ya jivu kwa 9 za saruji. Fyatua matofali machache, yamwagilie, yapime baada ya siku 28. Nguzo na slabu msiziguse bila mhandisi.

Na makumbi ya nazi? (Msomaji, Makunduchi)

Wewe unaishi palipo na ujuzi huo. Kina mama wa Paje na Jambiani huyafukia makumbi pwani kwa miezi, kisha huyaponda na kusokota kamba. Usumba huohuo, yaani nyuzi za makumbi, ukikatwa urefu wa kidole, huzuia udongo usipasuke unapokauka. Nimewahi kubomoa kiambaza kikuukuu: bonge la udongo lilining'inia kwenye nyuzi, halikukubali kuanguka. Kwenye saruji, lakini, nyuzi huliwa taratibu.

Maganda ya mayai je?

Ni madini yaleyale ya mawe ya matumbawe. Bila kupita tanuuni hayawi chokaa.

Nasikia hata machicha ya kahawa yanajengea. Kweli? (Msomaji, Mji Mkongwe)

Kweli. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha RMIT, Australia, waliyachoma bila hewa kwa nyuzi 350, wakayatia badala ya asilimia 15 ya mchanga, na zege likaongezeka nguvu kwa karibu asilimia 30. Yakitiwa mabichi huharibu, kama lile chicha la nazi. Kwa Unguja ningeanzia na machicha haya, ya mabirika ya kahawa ya Jaws Corner, baraza ya Mji Mkongwe, maana mchanga ndio unaotuishia.