Bosi Asiyeambiwa Kitu

KIBARAZANI KWA BI MKUBWA
Barua za wasomaji kuhusu kazi na biashara, zinajibiwa kutoka Kigoma

SWALI: Shikamoo Bi Mkubwa. Mimi ni mama wa miaka 38, naanika na kufungasha dagaa hapa mwaloni Katonga, mitumbwi inaposhusha samaki. Nilianza na beseni moja, leo nina vibarua tisa. Shida yangu, kila jambo lazima niamue mimi. Nikienda Tabora siku mbili kufuata pesa kwa wateja, nikirudi nakuta kazi imelala. Nikiwaita kikao wananitazama tu. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi miezi mitatu ili samaki wazaliane, nilikaa nyumbani sina wazo hata moja. Jirani ananisukuma niende semina ya uongozi Dar es Salaam, ada laki nane, nauli na malazi mbali. Anasema kiongozi lazima awe mbunifu. Mimi niliishia kidato cha pili na ubunifu sijaliwa. Niende?
Mama Dagaa, Katonga

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo laki nane usiitoe kwanza. Semina zina faida zake, lakini kinachokusumbua kiko mwaloni, na huko Dar hakuna atakayekiona.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama hapo uliposema "wananitazama tu". Macho hayo nayajua. Nilitazamwa hivyo miaka mingi pale Kibirizi nikidhani ni heshima.

Wakati huo nilikuwa naanika mchangani kama wenzangu wote. Siku moja mteja wangu wa Tabora akanirudishia magunia mawili, eti wanunuzi wanatafuna mchanga. Niliwafokea vibarua mpaka sauti ikakauka: hampepeti, mnaniharibia jina. Hakuna aliyejibu. Kesho yake asubuhi, binti mmoja, mdogo kuliko wote, akachukua bilauri ya chai, akaijaza maji, akatia dagaa kiganja kimoja, walewale waliokuwa wamepepetwa mara mbili mbele ya macho yangu. Akakoroga kwa kidole, akaiweka juu ya kisiki nilipokuwa nimekaa, akaondoka kwenda kugeuza dagaa. Sikuondoa macho kwenye ile bilauri. Maji yaligeuka kijivu, yakaanza kutulia, na chini ikajipanga tabaka ya mchanga, nene kama ukucha wa kidole gumba. Dagaa mbichi ana ute. Ukimwaga mchangani, mchanga unamganda na kuingia kwenye matamvua, kisha unakauka naye. Upepete mpaka jua lizame, hautoki.

Nikamwita. Umelijua hili tangu lini?

"Tangu mwaka juzi, mama."

Mbona hukusema?

"Ulisema hapa hatulipwi kwa kuongea."

Na kweli nilisema. Fanya hesabu ya maneno yangu hayo: kilo moja ya dagaa mkavu inatokana na kilo tatu na nusu hadi nne za dagaa mbichi. Gunia la kilo 40 likirudishwa, umetupa kilo 150 hivi za jasho la watu waliokesha ziwani. Mimi nilirudishiwa mawili kwa siku moja, na dawa yake ilikuwa kwenye kichwa cha mtu niliyekuwa namlipa kila jioni.

Tulijenga chanja kwa miti na nyavu kuukuu, juu kiasi cha kiuno, upepo unapita chini na juu. Binti alikuwa ameziona kwa shangazi yake upande wa Burundi, ambako FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, waliwahi kuwafundisha akina mama kuanika hivyo. Mvua ikitisha, tunafunika kwa turubai. Mchanga ukaisha.

Lakini mwanangu, chanja zilikuwa kazi ya siku nne tu. Kazi kubwa ilikuwa mimi. Niligundua kwamba tangu nianze kuitwa bosi sijawahi kufundishwa kitu na mtu yeyote, na mtu wa namna hiyo masikio yake huziba polepole. Nilikuwa na miaka 46, nimekula kwa ziwa hili tangu usichana wangu, na kuogelea sijui. Nikamwomba kibarua wangu mmoja anifundishe, alfajiri, kabla watu hawajajaa ufukweni. Alinishika mgongo akaniambia, "Mama, usishindane na maji, toa pumzi." Nilimtii mtu niliyekuwa namlipa. Nilikosea, nikarudia, na hakunifokea hata mara moja. Jua lilipochomoza nilikwenda mwaloni nikajisikia nikitoa maagizo, nikaona aibu. Kuanzia siku ile nilianza kuuliza.

Kwa hiyo tafuta kitu usichokijua ukafundishwe, ikiwezekana na mtu aliye chini yako. Hesabu za kwenye simu, kuendesha pikipiki, chochote. Usikidharau kwa kuwa hakiingizi pesa.

Halafu tumia mbalamwezi. Unajua mwenyewe dagaa wanafuata taa gizani, mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu na mitumbwi haiendi. Kila mwezi unapewa siku kadhaa za bure. Tandika mkeka, pika chai, uliza swali moja tu: ni kazi gani imekuchosha bure? Kisha nyamaza, hata kimya kikikuuma. Mara ya kwanza mimi nilipata jibu moja, kwamba pipa la maji liko mbali na chanja. Tulilisogeza palepale, wakiona. Mbalamwezi iliyofuata nikapata majibu manne. Watu husubiri kwanza waone neno la mwenzao limefanywa nini.

Tenga na pesa ya majaribio. Mimi nilikuwa naweka elfu thelathini, hasara ikitokea ni yangu, hakatwi mtu. Tulijaribu kuwafukiza dagaa kwa majani ya mpera, wakatoka wachungu, tukawatupa na tukaendelea na kazi. Tukajaribu pakiti ya robo kilo yenye pilipili na ndimu kwa ajili ya wanafunzi wanaopanda treni, na hiyo ndiyo iliyonisomeshea watoto.

Kuhusu ziwa kufungwa: mwaka 2024 lilifungwa 15 Mei hadi 15 Agosti. Anza kuweka akiba ya dagaa wakavu mapema, na ziwa likifungwa waulize SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, kuhusu mafunzo ya ufungashaji. FETA, wakala wa elimu na mafunzo ya uvuvi, nao wana kampasi hapahapa Kigoma. Nenda na kibarua mmoja, msiende wewe peke yako.

Na safari ijayo ya Tabora, mwachie mmoja wao uamuzi wa bei, mpaka kiasi mtakachokubaliana. Ukirudi usiutengue mbele ya wenzake, hata kama wewe ungeamua vingine. Hapo ndipo utakapopata tabu, nakuambia kwa mapenzi.

Usiniambie tena kwamba ubunifu hukujaliwa. Wazee wetu walivua dagaa kwa mienge ya matete, ikaja karabai, leo ni taa za betri na sola. Wavuvi hawakungoja cheti wabadili taa.

SWALI: Shikamoo Bi Mkubwa. Mimi ni fundi samani, Mwanga. Jioni nachora makabati na vitanda kwenye daftari, vingine havijengeki. Kaka yangu aliyenipa mtaji anasema napoteza muda. Niache?
Fundi, Mwanga

JIBU: Marahaba. Usiache. Ubao wa mninga ukishakatwa vibaya ni hasara, lakini ukurasa wa daftari unachanwa tu, kwa hiyo kosea huko kadiri unavyotaka. Kaka yako mheshimu, usibishane naye. Mteja atakayekuja wiki hii, mfungulie daftari achague kabla hujashika msumeno, na kaka awepo akisikia mteja anavyoulizia bei. Vile visivyojengeka usivichane. Viandikie tarehe, uvitazame tena mwakani mkono ukiwa umekomaa zaidi.