Maswali na Majibu: Rekodi za Mazoezi ya Hisabati Mtandaoni

Chuo chetu kimeanza kutoa mazoezi ya hisabati mtandaoni. Rekodi zake zina faida gani kwa mhadhiri?

Zina mengi kuliko alama. Mifumo kama WeBWorK, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, na STACK, ambayo hata Chuo Kikuu cha Maseno, Kenya, kinaitumia, huhifadhi kila jibu lililotumwa pamoja na saa yake. Tuchukue mwanafunzi aliyetakiwa kufungua mabano ya (A + B)², A na B zikiwa matriki, yaani majedwali ya namba. Saa 4:41 usiku anaandika A² + 2AB + B², kama alivyozoea sekondari. Dakika hiyohiyo anabahatisha A² + B². Kisha kimya hadi saa 4:58, anapoandika A² + AB + BA + B², ambalo ndilo sahihi, kwa kuwa AB na BA za matriki aghalabu hazilingani. Zitazame zile dakika 17. Huenda alifungua daftari, huenda alimpigia mwenzake simu, huenda alikwenda kunywa chai. Rekodi haisemi, ila inakuonyesha pa kuuliza. Na kosa la kwanza likirudiwa na nusu ya darasa, kagua mhadhara wako kabla ya kulaumu usomaji wao.

Wengi hutuma majibu usiku wa mwisho. Je, ni wazembe?

Tazama kwanza siku waliyofungua zoezi. Kagua pia saa ya seva, kompyuta inayotunza rekodi: ikihesabu kwa UTC, saa rasmi ya kimataifa, iko nyuma ya Nairobi kwa saa 3, na anayeonekana kazini saa 3 usiku kumbe alikuwa macho saa 6.

Mimi ni mwanafunzi. Huchapisha maswali, huyatatua kwenye karatasi, kisha huingiza majibu yote kwa dakika 5 nikipata intaneti. Nitadhaniwa nimenakili?

Hatari hiyo ipo, na kwangu huo ndio udhaifu mkubwa wa rekodi hizi: aliyehangaika na karatasi siku tatu na aliyeletewa majibu huacha nyayo zilezile. WeBWorK huweza kumpa kila mmoja namba zake katika swali lilelile, hivyo jibu la jirani halikufai, ingawa njia yake yaweza kuazimwa. Tunza karatasi zako. Mhadhiri makini ataziomba kabla ya kuchora grafu ya rekodi zako.

Je, majaribio mengi yapunguze alama?

La. Kila jaribio likiwa na gharama, mwanafunzi atabahatisha kwingine na kuleta jibu la mwisho tu, nawe utabaki na rekodi safi isiyokwambia kitu.