Re: Kutembea Wasini kwa miguu, nianzie wapi?

Salaam ndugu. Umeuliza kama unaweza kutoka Mombasa, utembee kijiji hadi kijiji kisiwani Wasini, pwani ya kusini ya Kenya, hadi ndani ya hifadhi ya Kisite, na umekwama kwenye ramani isiyoonyesha njia.

Kwanza, Kisite ni bahari. Huko ni mashua tu, na kiingilio cha KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) hulipwa kwa eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, basi lipa ukiwa bado na mtandao. Kutembea ni kisiwani: kijiji cha Wasini upande wa magharibi, kijiji cha Mkwiro mashariki. Gari hakuna.

Kabla ya yote tazama maji. Mimi nilikwenda siku za bamvua (maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida) bila kuuliza, nikakuta maji yamekupwa, mashua iko mbali, nikavua viatu nikatembea juu ya matumbawe. Nyayo zilikoma! Vaa raba ngumu, na upange kushuka maji yakiwa yamejaa. Lakini kwa bustani ya matumbawe pale Wasini, ile yenye daraja la mbao linaloendeshwa na kina mama, kupwa ndiko kuzuri.

Kufika: vuka feri ya Likoni, panda matatu ya Lunga Lunga, shuka Kanana, kisha bodaboda hadi Shimoni, ndipo upande mashua ya kisiwani.

Njia ya kutoka Wasini hadi Mkwiro ina mawe na vichaka, jua kali. Beba maji yako, ya kisiwani usiyategemee. Chukua kijana wa kijiji akuongoze; Kivumba chao, lahaja ya Kiswahili ya huko, utakielewa nusu, utacheka. Na funika magoti, hasa karibu na msikiti.

Mimi nililala Shimoni, Mkwiro sijalala.