Binti wa miaka 17 atoke junia aingie pro? Jibu langu refu kidogo

Salaam dada. Umeuliza kuhusu bintiyo wa miaka 17, tenisi ya junia (ya vijana) hapa Pwani hakuna anayemgusa, kocha wake ataka akimaliza fom foo aingie pro moja kwa moja, acheze kwa malipo, na wewe roho yasita. Mimi njia hiyo nimeipita, nimecheza junia nikitokea hapa hapa Mombasa, nikajaribu mashindano ya pro ya ITF, shirikisho la tenisi la dunia, yale ya dola 15,000, saa hizi nafunza wageni kwenye mahoteli ya Bamburi. Kwa hivyo ntakwambia nilivyoona, ukinikasirikia shauri yako 😂

Kwangu mimi, chuo Marekani kwanza, pro aionje pembeni. Ntaeleza kwa nini.

Vikombe vya junia weka kabatini. Junia ukimuongoza 4-1 mara nyingi ashakata tamaa, anatoa mipira nje mwenyewe, wewe hata hujafanya kitu. Kule kwa pro unakutana na mwanamke wa miaka 26, jina lake hujawahi kulisikia, na ile sevu ya pili ambayo huku nyumbani kila mtu alikuwa airudisha polepole tu, yeye anaingia ndani ya mstari anaitandika. Kilichonishangaza mimi haikuwa nguvu, ni vile pointi ya bure hakuna, kila moja uitoe jasho, halafu wiki ijayo tena, na huna kocha pale ukutani wa kumuangalia.

Sasa hela. Hizo dola 15,000 si za bingwa jamani, ni jumla, wanagawana wa singo (mmoja mmoja) na wa dabo (wawili wawili) wote. Ukitoka raundi ya kwanza ulichopata hakilipi hata hoteli ya wiki. Pointi nazo, kwenye W15, ndo hayo ya dola 15,000, mpaka ushinde mechi moja ya droo kubwa ndo unapata 1, na kwenye orodha ya WTA, chama cha tenisi ya wanawake, jina halitokei mpaka uwe na pointi za mashindano matatu ama ufikishe pointi 10. ITF wenyewe walipiga hesabu kwa takwimu za 2013, wakaona mchezaji wa kike anatumia kama dola 40,000 kwa mwaka bila kumhesabu kocha, na anayeanza kurudisha gharama zake ni yule wa nafasi ya 253 huko duniani. Hiyo ni zamani, nauli za leo mwazijua. Halafu WTA wana kanuni ya umri, chini ya miaka 18 hachezi mashindano mengi atakavyo, kwa hivyo hata haraka ya kocha siielewi ni ya nini.

Mwangalie Angella Okutoyi. 2022 alibeba Wimbledon ya junia, dabo, na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, Mkenya wa kwanza kushinda taji la junia la Grand Slam, yale mashindano makubwa manne ya tenisi. Na kwenye Grand Slam za junia hela za zawadi hakuna, watu wengi hawalijui hilo. Basi huyo naye akaenda chuo cha Auburn huko Marekani, na akiwa mwanafunzi 2024 akaja Accra akachukua dhahabu ya singo ya Michezo ya Afrika. Kwa hivyo anayekwambia chuo ni kuua kipaji mulize yeye amemfikisha nani wapi. Chuo unapata korti, gym, daktari, mechi kila wiki, likizo unaenda kucheza W15 zako.

Kitu kingine cha kwetu watu wa Mombasa. Nairobi iko juu, mita kama 1,700, mpira unaruka. Mtoto aliyezoea hewa yetu nzito ya chumvi akipanda kule siku mbili za mwanzo kila foohendi inatoka nje, mzazi anadhani kiwango kimeshuka, kocha anabadilisha swingi, balaa tupu. Panda mapema, nyuzi za raketi zikazwe zaidi kidogo, basi. Lakini zile sehemu zenye mashindano madogo karibu kila wiki, Monastir kule Tunisia, Sharm El Sheikh, Antalya, zote ziko kando ya bahari, huko ndo hili joto letu la kaskazi linamlipa, wenzake wanatafuta kivuli yeye yuko sawa tu.

Mwaka huu basi mfungulieni IPIN, namba ya usajili ya ITF, kama hana, aendelee na junia za ITF za ngazi ya chini, J30 na J60, na W15 ikija karibu ajaribu hata kwalifaya, zile mechi za mchujo za kuingia droo kubwa, apigwe aone. Dabo asiidharau. Hela za zawadi kabla hajachukua, muulizeni kocha wa chuo kwa maandishi, maana wana mipaka yao na kanuni zao hubadilika, na pia akikaa sana nyumbani baada ya shule anaweza kupoteza msimu. Huyo kocha wenu kama ameshaanza maneno ya mkataba wa asilimia, usitie sahihi mpaka wakili ausome.

Video ya kutuma vyuoni nayo musiikatekate kuacha winna, mipira aliyopiga ikamshinda mwenzake, peke yake. Tumeni seti nzima, na yale makosa yake, wanataka kuona akivunjwa sevu, yaani akipoteza gemu anayosevu yeye, anafanyaje gemu inayofuata.