Besi wa Shenandoah: lipia mwongozaji siku ya kwanza tu

Mkuu, umeuliza kama ukija huku Virginia, Marekani, mwezi wa saba inafaa kumlipa mwongozaji ili uvue besi mdomo-mdogo, samaki wa maji baridi, kwenye mto Shenandoah kwa ndoano ya manyoya (chambo bandia), au ununue fimbo ujiendee mwenyewe. Mimi mtoto wa Tanga, niko huku mwaka wa tisa, na yote mawili nimeyafanya. Lipa siku ya kwanza. Zinazobaki nenda mwenyewe.

Mwanzoni nilijifanya mjuaji. Mtu aliyekulia kwenye ngalawa atafundishwa nini na mto unaomfika magotini? Jumamosi nne mfululizo nilirudi mikono mitupu. Kumbe nilikuwa narusha katikati, kwenye maji mazuri ya kupigia picha. Besi huyu hujibanza nyuma ya jiwe, au pale maji ya kasi yanapopakana na yaliyotulia, akingoja mkondo umletee kamba wa mtoni na visamaki.

Ndipo mimi na shemeji tukachanga dola 450, siku nzima kwenye boti ya mpira, fimbo na chakula juu ya mwongozaji. Bahashishi haimo humo. Huku wanategemea kama asilimia 20, iweke kwenye hesabu. Leseni nayo unakata mwenyewe mtandaoni.

Mwongozaji wetu, mzee mmoja, alikuwa ananisubiri nifanye kosa moja na sikulifanya. Waliozoea trauti, samaki akishika, huinua fimbo juu, na ndoano inachomoka. Kwa besi fimbo unaielekeza kwake, kisha unavuta mshipi kwa mkono. Sasa hiyo si ndiyo kazi tuliyoanza nayo utotoni?

Kilichoniponza ni pupa. Chambo cha kuelea kikitua, unakiacha hadi viduara vyote vifutike majini, ndipo unakitikisa kidogo. Baharini nimezoea kumsikia samaki kwa kidole, simwoni. Huku unamwona akipanda, jicho jekundu, na mkono unavuta kabla hajafumba mdomo. Watatu walinipotea hivyo kabla ya saa nne asubuhi. Wa nne nilitazama pembeni, wallahi, nikangoja uzito. Shemeji anasema nilipiga kelele; mimi sikumbuki. Kilo moja hivi, akaruka mara mbili, tukamrudisha mtoni.

Kwa maji ya kina beba Clouser Minnow, ndoano ya manyoya inayoiga kisamaki. Aliibuni Bob Clouser, mwongozaji wa mto Susquehanna kule Pennsylvania, miaka ya 1980, kwa ajili ya besi hawa hawa. Macho yake ya risasi ndiyo chubwi, na yanaigeuza ncha ya ndoano itazame juu, kwa hiyo hainasi ovyo kwenye mawe. Fimbo namba 7 (namba ni ya uzito wa mshipi inaourusha) ya futi 9 inatosha kila kitu.

Halafu usidhani samaki huyu ni mwenyeji. Bonde la mto Potomac, ambamo Shenandoah inamwaga maji yake, aliletwa mwaka 1854 kwa garimoshi, ndani ya tangi la maji ya injini. Wakenya binamu yake mdomo-mkubwa wanamjua. Alipandikizwa Naivasha miaka ya 1920.

Jihadhari na mwongozaji wa bei ya chee asiyeahirisha safari. Mmoja alinipeleka siku moja baada ya mvua kubwa, mto rangi ya chai ya maziwa, na pesa hakurudisha. Kabla ya kulipa muulize: maji yakichafuka tunafanyaje?

Na siku utakazokwenda peke yako, ulizia kwanza mto ni wa nani. Kwenye mto Jackson, huku huku Virginia, mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya Virginia iliwapa ushindi wenye mashamba waliokuwa na hati za enzi za mfalme wa Uingereza. Kwenye vipande vyao hata kusimama mtoni uvue ni kuvamia. Shenandoah anzia kwenye vituo vya umma vya kushushia boti. Viatu vya soli ya kawaida viache nyumbani, yale mawe yanateleza kama bamia.